Siku ya Sita ya Kukandwa

Kwa miaka minane, pale zahanati, nimewaambia akina mama waliojifungua wasikubali kukandwa tumbo kwa maji ya moto. Nilipojifungua mwenyewe, mama mkwe alifika kwetu Unyambwa na sufuria yake, nami muuguzi mzima nikaufyata. Nilimwamkia shikamoo, nikalala chali. Ningemwambiaje mama wa watu, aliyetoka Iramba na kidumu cha asali, kwamba mikono yake haifai?

Kila asubuhi alichovya taulo, akalikamua, akanikanda. Kisha ukaja uji wa uwele, mabakuli mawili, naye akasimama palepale mpaka nimalize. Mtoto alinyonya vizuri. Matiti yalijaa na kuuma, ila hayo sikuyaogopa.

Siku ya sita damu ilirudi. Ilikuwa imepungua na kuwa ya kahawia. Sasa ilitoka nyekundu, na mabonge. Nilijua maana yake. Niliwahi kumshika mkono mama mmoja akiwa hivyohivyo, tukisubiri gari la kumpeleka hospitali. Niliogopa sana. Lakini kumwonyesha mama mkwe vitambaa vyangu? Nilivifunga kwenye kitenge, nikavisukuma chini ya kitanda, nikajiambia nitamsubiri mume wangu arudi jioni.

Mama mkwe akaja na taulo lake. Aliliweka tumboni, akaliondoa. Akabonyeza chini ya kitovu, mahali ambapo mimi huwabonyeza wengine.

"Jana hapa palikuwa pagumu," alisema. "Leo pamelegea kama ugali uliozidi maji. Unatoka damu?"

"Kidogo tu, mama."

Pembe ya kitenge ilikuwa inachungulia. Akainama, akakivuta, akakifungua. Hakunifokea. Alimwaga maji ya moto uani, akambeba mtoto, akaita bajaji.

Hospitali walitoa kipande cha kondo la nyuma kilichokuwa kimebaki. Daktari aliuliza nani aligundua. Mama mkwe aliendelea kumbembeleza mtoto, na mimi nikaona aibu kumjibu daktari kwamba ni yeye.

Bado nawakataza akina mama kukandwa. Ila bibi aliyemsindikiza mkwewe akibaki nje kwenye benchi, namwita aingie, namuuliza mikono yake imekuta nini. Kila ninapouliza, hofu ile inanirudia. Nilikuwa nimeamua kusubiri jioni, na bajaji ilipofika ilikuwa bado saa tatu asubuhi.