Ng'ombe Asiye Wetu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na aliyenikumbusha ni wewe. Jana ulirudi kutoka kwa jirani ukaniambia, "Bibi, wale matajiri, zizi limejaa." Nikacheka peke yangu.

Nilikuwa msichana wa umri wako, huko kijijini Gitting, na kulikuwa na swali lililoniwasha kuliko viroboto wa nyumba yetu. Tulikuwa maskini, nisikufiche. Kuta za udongo, paa la udongo, na mvua ikizidi tunahamisha vitanda. Lakini ndani tulilala na ng'ombe mwenye baka usoni, na maziwa yake ndiyo yaliyomshikilia mdogo wangu aliyekuwa mgonjwa. Ajabu ni kwamba ng'ombe hakuwa wetu. Alikuwa wa Mzee Gidahoda, mfugaji wa kule tambarare. Maziwa na samadi ni vyetu, ndama ni wa mzee. Ndiyo desturi. Mimi nikawa najiuliza: mtu anawezaje kumlaza ng'ombe wake kwa watu, naye akapata usingizi?

Mwaka ule ukame ulikaza. Tukasikia zizi la mzee limebaki na mavi makavu tu. Mama alijua mwenye mali atakuja. Baba mdogo akamshauri, "Tumfiche ndama. Mzee hajui kama amezaliwa." Mama akamkatalia, naye akaenda zake.

Mzee akaja kweli, amekonda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tukamwamkia. Mama hakungoja kuulizwa. Alimtoa ng'ombe, akamtoa na ndama, kisha akampa mzee kibuyu cha maziwa. Akanywa polepole. Niliogopa sana, lakini mdomo wangu haukuwa na komeo.

"Babu, unamchukua?"

Mama akanifinya.

"Mwache mtoto," mzee akasema. "Kuuliza si ujinga." Akamwangalia mdogo wangu mgongoni kwa mama. "Wale niliowaweka pamoja zizini kwangu wamekwisha. Huyu amepona kwa sababu alikuwa kwenu. Nikimchukua leo, nitakuwa na ng'ombe tu. Nikimwacha, nina ng'ombe, na nina mlango wa kupiga hodi."

Nilishangaa, mwanangu! Siku zote nilidhani yeye ndiye anayetulisha. Kumbe na sisi tulikuwa akiba yake. Ng'ombe akabaki kwetu, na tangu hapo mzee akawa anakuja na kibuyu chake, anabeba maziwa ya wajukuu wake, mengine yanabaki kwetu. Hayakutosha, lakini mdogo wangu hakufa. Ndiye huyo babu yako anayekugombeza kila ukimwaga uji.

Kwa hiyo sikiliza. Nyumba njema si mlango. Zizi la jirani limejaa, lakini umeuliza ng'ombe ni wa nani? Na yule mjane wa bondeni unayemwona hana kitu, huenda ana mtamba wake, ng'ombe jike mchanga, anayekua kwa mtu wa kilima cha pili. Usipime umaskini wa mtu kwa kuchungulia ukipita. Uliza nani anamtunzia, na yeye anamtunzia nani. Ukimkuta asiye na mtu upande wowote, huyo ndiye maskini, na kwake usiende mikono mitupu.

Mungu akunyeshee mvua kwa wakati, mwanangu. Na mwenzako akitafuta pa kumlaza ng'ombe wake, alale usingizi akijua yuko kwako.