Soda za Kikao cha Wazazi

Mwalimu alitutangazia mstarini kwamba Jumamosi kuna kikao cha wazazi, na soda zitakuwepo. Mama yangu, muuza vitenge Kariakoo, akaguna. "Shule haina hata chaki, soda imezitoa wapi?"

Siku hiyo alinikataza kugusa chupa. Nilinuna. Wazazi wengine walikunywa, wakacheua, wakacheka. Ndipo mwalimu mkuu akamsimamisha mfanyabiashara mmoja mgeni. Kumbe soda zilikuwa zake, na alikuwa anautaka uwanja wetu wa mpira ajenge fremu za maduka. "Mwenye swali?" akauliza mwalimu mkuu. Wazazi wakaziinamia chupa zao. Utamkatalia vipi mtu huku chupa yake tupu umeishika mkononi?

Mama akainuka, akairudisha soda yake kwenye kreti, haijafunguliwa.

"Mimi sijanywa cha mtu," akasema. "Watoto watacheza wapi?"