Pilipili ya Bi Semeni Haina Sukari

Jua halijapanda sana, na uani kwa Bi Semeni, mtaa wa Ngamiani mjini Tanga, moshi tayari unawatoa watu machozi. Amechutama mbele ya jiko la mkaa, anageuza bilinganya mpaka ganda liwe jeusi. Kinuni, pilipili mbuzi, kitunguu thomu na chumvi vinasubiri mchi.

"Wenzangu wauza pilipili ya kuchovyea wanaitia unga wa muhogo iwe nzito, na sukari guru iwe tamu," anasema huku akipiga chafya. "Mie natia bilinganya na ndimu. Anayetaka uji aende kwa muuza uji!"

Ana ulimi mkali mama huyu wa miaka hamsini na mbili. Lakini ukikaa naye kitako utaona kwamba maneno mengi anayasema ili nyumba isinyamaze.

Pilipili hiyo aliianza mwaka 1953, mumewe Jumbe, fundi cherehani, alipoambiwa ana ugonjwa wa sukari. Daktari alimkataza wali, mihogo na vitamu vyote.

"Mtu wa pwani umkataze wali! Alinuna siku tatu," anakumbuka Bi Semeni. Ndipo akabuni kitu cha kuchovyea, ili samaki mtupu apite kooni. Jumbe alichovya, akatokwa jasho, akaomba tena.

Alifariki miaka miwili baadaye. Hawakujaliwa mtoto.

Leo, mwaka 1957, wateja wapo. Huuza chupa kumi na mbili kwa juma, senti thelathini kila moja, na kodi ya chumba inalipika. Anayekosekana ni wa kula naye. Jioni Bi Semeni hula amesimama jikoni, maana kutandika mkeka wa mtu mmoja kunamuuma.

Zamani alikuwapo wifi yake, Mwatumu, aliyekuja kila mwezi kutoka Mwera, upande wa Pangani, wakala sinia moja. Wakaachana siku ya arobaini ya Jumbe.

Wazee wa pwani hukataza kupokezana pilipili mkono kwa mkono, kwamba huleta ugomvi. Huwekwa chini, mwenzio akaiokota. Siku hiyo Mwatumu alinyoosha mkono, na Bi Semeni, akili zake ziko kaburini, akamtia bakuli la pilipili kiganjani.

Sinia halijaisha, Mwatumu akasimama. "Kaka yangu umemshindisha njaa mpaka akafa! Mgonjwa ananyimwa wali nyumbani mwake!"

Hajakanyaga hapo tena.

Juma lililopita Haji, dereva wa basi la Pangani, alileta habari: Mwatumu naye amepimwa, ana sukari. Amekatazwa wali, na hali chochote. Anakonda.

Tangu hapo Bi Semeni hana raha. Jirani yake, Kijakazi, alimkanya asijipeleke kutukanwa. "Pilipili usizozila zakuwashiani?"

"Hizi nimezila," akajibu. "Nimezila miaka miwili, peke yangu."

Ijumaa atapanda basi. Chupa ya kwanza ya leo haiuzwi. Ameifunga kwa kipande cha kanzu ya marehemu. Hajui kama atafunguliwa mlango, na anakiri anaogopa.

"Nitaiweka kizingitini, nirudi nyuma hatua mbili," anasema, akijifuta macho kwa kiwiko kwa kuwa vidole vina pilipili. "Akiiokota, nitamwomba tule sinia moja."