Kozi Aliyesuguliwa Kucha

Watoto wa siku hizi, kila chenye mbawa kwao ni ndege tu. Mimi mwewe namjua, furukombe namjua, na huyu aliyenaswa kwenye wavu wa kuku wetu juu darini, kwenye paa letu bapa, alikuwa kozi, tena mchanga bado.

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alipanda kumnasua. Ni fundi wa milango, mikono yake imejaa makovu ya patasi, lakini siku ile nilimsikia akiguta. Kozi alikuwa amemshika kiganja. Nikataka kuvuta, akanizuia.

"Usivute, Bi. Ukivuta hukaza."

Akamnyoosha yule ndege mguu, taratibu, na vidole vikaachia vyenyewe. Mguu wa kozi ukikunjika, kucha hujifunga. Ndiyo maana huruka na njiwa asimwangushe. Mdomo ni wa kulia nyama tu. Kuua huua kwa kucha, hasa ule ukucha wa nyuma, uliopinda kama ndoana.

Bawa lilikuwa limeteguka. Mzee akamweka chumba cha juu, akawa anamlisha maini kwa koleo. Ni mtu wa maneno machache, lakini kwa kozi akawa msemaji. "Leo tumekula vizuri," huniambia akishuka, kana kwamba wamekula sinia moja.

Kisha mjukuu wetu mdogo akapenyeza mkono mle ndani, akatoka na damu mpaka kiwikoni. Mamake, binti yetu, akasimama mlangoni.

"Baba, huyu akimtoa mwanangu jito, utamtengezea jingine la mti la kuonea?"

"Kwani jito liko mkononi?"

"Leo mkono. Basi chagua, yeye au sisi."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, wakati ambao nyumba yetu yote hukata kucha, wakubwa kwa wadogo, kabla ya kuoga kwenda kusali. Mzee akaketi na tupa yake ndogo, ile ya kumalizia nakshi. Mimi nikamviringisha kozi ndani ya kanga yangu, nikamshika miguu, naye akasugua kucha moja moja mpaka zikawa butu.

"Kucha ni kucha," akasema. "Humea."

Sote tuliona ni busara.

Bawa likapona mapema. Kozi akaanza kujigonga dirishani, mzee akamwonea huruma, akamfungulia. Jioni tukamwona akiwashukia njiwa wa jirani kama jiwe. Alimpata mmoja, tuliona kwa macho yetu amempata. Njiwa akateleza, akaacha manyoya, akaenda zake. Kesho yake vile vile. Jirani akacheka kutoka dari yake:

"Bwana fundi, kozi wako anawapapasa tu njiwa wangu. Ataka kuposa?"

Mzee hakucheka. Akaweka maini juu ya ukuta, kunguru wakayala. Akaweka mengine, akayalinda kwa fimbo. Kozi akaja mpaka kwenye mnazi wa karibu, amekonda, na kabla hajashuka kunguru wakamwandama, wakamfukuza upande wa kisiwa cha Manda, akiruka chini chini juu ya maji. Hatukumwona tena.

"Ningemweka wiki moja zaidi," mzee husema mpaka leo, mara nyingine tukiwa katikati ya chakula.

"Naam," mimi humwitikia. "Wiki moja."

Lakini miguu ile niliishika mimi. Nazijua zilivyobaki zile kucha, na wiki moja isingefaa kitu.