Siku Nilipolilaza Gari la Bibi Harusi

Kabla hamjasikia kwa mwingine (maana hapa Ifakara kila mtu anayo hii habari na kila mtu anayo ya kwake, yupo hata anayesema nililia, na mimi sikulia, yalikuwa ni vumbi la pumba), acheni niseme kwa mdomo wangu mwenyewe: ndiyo, yule aliyekutwa amepiga magoti nyuma ya gari la bibi harusi, pampu ya baiskeli mkononi, mbele ya matarumbeta, mashangazi na katekista, alikuwa mimi.

Chanzo ni wivu, sitaki kuzunguka. Kaka Jero, mtoto wa baba mkubwa, fundi gereji huko Morogoro, alikuja kwenye harusi ya dada yangu Skola na gari jeusi alilolishusha mwenyewe. Alitoa springi zote akaweka mipira ya upepo, ukibonyeza kitufe kimoja gari linalala hadi tumbo linagusa chini, ukibonyeza kingine linanyanyuka taratibu kama ng'ombe aliyeshiba. Tairi nazo nyembamba, kazivuta juu ya rimu pana mpaka zimekaa kama soksi ya mtoto kwenye mguu wa baba. Niliposema hizo tairi zimekonda, wanaume wazima walinitazama kana kwamba nimetukana msalaba.

Basi nyumbani ikawa Jero hivi, Jero vile. Mama, ambaye mimi huniambia chai ipo kwenye chupa jimiminie, alimkaangia Jero samaki wa Kivukoni wawili wazima. Baba, ambaye hajui klachi wala breki, aliwaeleza wageni habari za mipira ya upepo kana kwamba aliivumbua yeye. Hayo yote ningevumilia. Kilichonichoma ni siti ya mbele.

Dada Skola ndiye aliyenilea. Wazazi wakihamia shamba kuamia ndege kwenye mpunga, tulibaki wawili nyumbani, yeye ndiye mama, yeye ndiye polisi. Na tangu niko mdogo aliniahidi kwamba siku ya harusi yake mimi ndiye nitakaa mbele kwenye gari lake, kioo kimeshushwa, nikipungia watu mkono kama mbunge. Sasa Jero amefika juzi tu na anapanga: mbele anakaa mpambe, nyuma bibi harusi na shela lake, basi.

"Dogo, tairi hizi hazitaki uzito," aliniambia, huku ananipigapiga begani. "Wewe utapanda lori la Kanta na masufuria."

Na masufuria. (Mpambe mwenyewe ananizidi kilo za kutosha, ila hilo halikujadiliwa.)

Gari lenyewe halikuweza kuingia uani kwetu kwa sababu ya mabonde, kwa hiyo Jero akaomba kuliegesha jirani, kwenye sakafu ya mashine ya kukoboa ya mzee Salumu, pale wakulima wanapoanika mpunga, maana mtaa mzima sakafu laini kama ile hakuna. Mzee Salumu alikubali, ila akasema wenye mpunga wasicheleweshwe jua.

Asubuhi ya harusi Jero akanipa ufunguo nikafunge maua kwenye boneti, yeye akaenda kuoga. Nikafunga maua. Hapo ningerudi nyumbani leo nisingekuwa na cha kusimulia, lakini nikasema nipige picha moja tu nikiwa kwenye usukani, nikamwita Deu, tunayekaa naye dawati moja.

"Limesimama kama gari la mwalimu mkuu," Deu akasema, simu iko tayari. "Lilaze kidogo."

Nikalilaza. Pshiii. Watoto waliokuwa wanafukuza kuku kwenye mpunga wakashangilia, na mimi, mtu ambaye darasani nashangiliwa siku nisipokuja, nikalinyanyua, nikalilaza, nikalinyanyua tena. Mara wakapita wasichana wa kwaya na sare zao, mmoja akauliza, "Fabi, kumbe gari ni lenu?" Nikajibu ni la familia, kwa sauti nzito ambayo sijui niliitoa wapi, nikalilaza kwa heshima yao, nikalinyanyua kwa heshima ya soprano, nikalilaza kwa heshima ya alto, na hapo likagoma kupanda. Kitu fulani kwenye buti kikanguruma kama mzee anayekohoa, kikanyamaza. Taa za dashibodi zikazima. Betri imekata roho.

Deu alitazama simu yake, akakumbuka kuwa anaitwa na mama yake.

Mtu mwenye akili angekimbia kumwita Jero. Mimi nikawaza: upepo ni upepo. Nikaazima pampu ya baiskeli ya mlinzi wa mashine, nikafungua buti, nikakuta mtungi na mabomba, nikalegeza nati ya bomba moja nipate pa kuingiza pampu. Upepo wote uliobaki ukanipiga usoni pamoja na pumba za sakafu nzima, na gari, ambalo kwa mbele lilikuwa bado limejishikilia, likashuka lote, likakaa sakafuni kama chapati kwenye kikaango, tairi zimemezwa na bodi. Nikapiga magoti, nikachomeka pampu, nikaanza. Napiga, nasikiliza. Napiga, nasikiliza. Sikusikia matarumbeta mpaka yaliponyamaza.

"Fabiani," sauti ya shangazi Asteria, "unafanya nini hapo?"

"Shikamoo shangazi. Najaza upepo."

"Kwenye gari?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo pampu?"

Kigelegele kilichokuwa kinaandaliwa nyuma yake kikamezwa. Mpiga ngoma alicheka mpaka akakalia ngoma yake. Jero akaja na suti nyeupe, akatazama buti, akatazama ile nati mkononi mwangu, akavua koti. Jeki ikaletwa, ikakosa pa kuingia, maana jeki inataka uwazi na chini ya lile gari hata jani la mgomba usingelipitisha. Wanaume wanne wakasema tuinue kwa mikono, moja, mbili, tatu, wakainua bampa peke yake, na maua yangu juu yake.

Kanta ilishatangulia kanisani na masufuria yake, gari la Noah nalo lilishawapeleka wazee, na padri alisema wazi kwamba baada ya misa ile ana misa nyingine kigangoni Kiberege, hasubiri mtu. Wakajaribu bajaji, shela likajaa bajaji nzima, dereva akakosa pa kukaa. Ikabaki pawatila ya mzee Salumu, kile kitrekta cha kushika kwa mikono kinachovuta tela, iliyokuwa ndiyo kwanza imeshusha magunia. Wakapandisha kiti cha ofisini kwake kwenye tela, wakakitandikia khanga.

Dada Skola alinipita akiwa ameshika shela lisiguse pumba. Akasimama.

"Nilishaongea na Jero tangu jana," akasema taratibu. "Tukitoka kanisani mpambe anahamia Noah. Wewe ndiye ungekaa mbele mpaka ukumbini. Nilitaka nikushtukize."

Hakuwa na hasira. Akapandishwa kwenye tela, akakaa kwenye kile kiti.

Jero akavaa tena koti lake jeupe, akashika mikono ya pawatila, akaondoka na dada yangu, tuk tuk tuk, matarumbeta nyuma, mashangazi wanaruka, barabara nzima watu wametoa simu. Wanawake waliokuwa wanapepeta waliacha ungo wakakimbia nao. Nilitaka kufuata, mzee Salumu akanizuia kwa fimbo: gari haliachwi peke yake kwenye sakafu yake. Wenye mpunga nao wakasema jua haliombwi, wakaanika kulizunguka pande zote, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa bure wakanikabidhi kazi ya kuugeuza. Nikaugeuza kwa miguu, suruali ya harusi nimeikunja magotini, misa nzima.

Leo picha ya dada akiwa kwenye tela imetundikwa sebuleni kwetu, na mtu akija haulizi shela limeshonwa wapi, anauliza nani yule dereva mtanashati. Wapo walioshampigia Jero simu wakitaka awapeleke harusi zao kwa pawatila. Nimeitazama ile picha sana. Katekista yumo, mpiga ngoma yumo, kuku wa mzee Salumu yumo, mimi simo.

Kwa hiyo kitufe cha mtu sigusi tena, hata cha redio. Na siku nyingine nikimwonea mtu wivu nitamfuata nimwambie uso kwa uso, kaka, nakuonea wivu, nafasi ya mbele ipo? Akikataa basi, nitapanda Kanta. Masufuria yale, nimeambiwa, yalifika kanisani mapema na yakakaa mahali pazuri tu, yakaiona misa yote.