Nilibeba lawama ya uji, sasa wanamchukua mwanangu

Admin, nifiche kabisa, mawifi zangu wote wanafuata ukurasa huu. Nina miaka 26, nimeolewa Upare, kule milimani Same. Mwanangu wa kwanza bado hajafikisha mwaka.

Alilazwa hospitali hapa mjini amedhoofu, hawezi kunyonya, akawekewa mpira mwembamba puani unaofika tumboni. Manesi wanampa maziwa maalumu kidogo kidogo, na walituonya wote kwamba tumbo lake bado halihimili kitu kingine. Mama mkwe akaguna. "Maziwa mepesi hivi yatamwinua nani? Wanangu wote nimewakuza kwa uji."

Jumapili nilimwacha na bibi yake, nikatoka kufua nguo zake. Narudi, namkuta nesi anavuta kwa bomba la sindano kwenye ule mpira, kama wanavyofanya kabla ya kumlisha, waone tumboni kuna nini. Ukatoka uji. Tumbo limevimba, mtoto anahema kwa shida. Nesi akauliza, "Nani kampa hiki?" Mama mkwe akawa anakunja kanga tu.

Mume wangu akanivuta nje. Kumbe chupa ya uji aliileta yeye mwenyewe, mama yake akaumimina kwenye ule mpira. "Sema ni wewe," akaniambia. "Mama ni kiongozi wa akina mama kanisani, aibu hii hataiweza. Wewe bado mdogo, watakusamehe." Nikampenda mume kuliko akili yangu, nikasema ni mimi. Nesi alinisema mbele ya wodi nzima.

Namshukuru Mungu mtoto amepata nafuu, mpira umetolewa, ananyonya. Basi jana ndugu wakakaa kikao kwa shemeji hapa mjini, wakaamua akitoka akalelewe na bibi yake, eti mimi na ujuaji wangu nilitaka kumuua. Aliyeongea kwa uchungu kuliko wote ni mama mkwe mwenyewe, tena na machozi. Nikamtazama mume wangu aseme neno moja tu. Akainama, akasema, "Mama ana uzoefu." Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nimeumia jamani, sijawahi kuumia hivi.

Keshokutwa tunaruhusiwa. Nikisema ukweli, nani ataniamini wakati nilikiri kwa mdomo wangu? Nikinyamaza, mwanangu anakwenda kwenye mkono uleule uliomjaza uji, na safari hii nesi hatakuwepo. Ndoa naweza kuiacha, mtoto siwezi. Nishikeni mkono wapendwa, nianzie wapi?