Wino wa Kaburi Jipya

Ile siku ya Kadzo bado naikumbuka, mwanangu. Nakuita mwanangu kwa sababu wewe uko kidato cha kwanza nami niko cha nne, na hapa shuleni huo ni uzee kamili, hata kama ndevu zenyewe bado naziombea dua. Kaa usikie.

Mwaka juzi mwalimu wetu wa sanaa alitupeleka kwenye magofu ya Gede, ule mji wa kale wa mawe. Wengi wetu tulikwenda kukimbizana na kima. Kadzo, msichana wa Matsangoni, alikaa mbele ya kaburi la nguzo, lile lenye mnara wa mawe juu yake, kwa muda mrefu mpaka nikamuuliza kama anamsubiri mwenyewe atoke.

Tuliporudi, kila mtu alichora nguzo. Yangu ilifanana na mchi wa mama. Kadzo hakuchora chochote. Alichukua kioo cha dirisha, akakipaka wino mweusi wa ile mashine ya kuchapia mitihani, kisha akaanza kuufuta, hapa kwa kitambaa, pale kwa kidole, kwingine kwa kipande cha jiwe la matumbawe. Hukuona nguzo wala kaburi, ni vivuli vizito tu na mianya ya mwanga, na bado ulijua ni wapi.

Sasa, kazi ya namna hii huchapwa mara moja. Ukishalaza karatasi na kuisugua, wino umehama, kwenye kioo unabaki ukungu tu wa wino. Na ile karatasi nene, nzuri, shule ilikuwa nayo moja tu. Ndiyo iliyokuwa iende maonyesho ya Mombasa.

Darasa zima lilikizunguka kioo, tukakipigia makofi. Kadzo akachukua gazeti kuukuu, akalilaza juu yake, akasugua kwa mgongo wa upawa, akalibandua. Weusi wote ukaondoka na gazeti.

Nikasema marehemu amekufa mara ya pili. Watu wakaangua kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka, alishika kichwa.

"Kadzo, umeiharibu."

"Bado, mwalimu. Huo ulikuwa wino wa kaburi jipya. La Gede ni la kale."

Akailaza ile karatasi nzuri juu ya ukungu uliobaki. Akasugua taratibu, akirudia pembe kwa pembe, jasho likimtiririka.

"Wewe Karisa, ukikohoa tu, nakutandika na huu upawa."

Sikukohoa. Alipoinua karatasi, tuliona kijivu juu ya kijivu, kama chokaa iliyobanduka, kama ukuta ulionyeshewa mvua tangu babu zetu hawajazaliwa. Mwalimu akaketi kwenye dawati langu, akaitazama. Kisha akavua koti lake, akaifunika nalo karatasi hiyo vumbi lisiiguse, akasema itakwenda Mombasa hivyo hivyo, isiguswe tena.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukimwona mtu anaondoa kile mnachokipigia makofi, usikimbilie kumhurumia. Huenda anachokitafuta kiko chini yake. Na kazi ikiwa yako, makofi yakikatika, wewe endelea kusugua.

Mungu akujalie macho ya kukaa na jiwe hadi likuzoee, na mikono kama ya Kadzo. Mdomo, tafadhali, asikupe wangu.